Yai la Kukusanya: la Kale la Kirusi, la Kisasa Lenye Jina, la Kaure au la Ganda Halisi?

Yai lililoanzisha umaarufu wa mayai ya vito, ukiliona limefungwa, utalipita tu. Ni jeupe, laini, lina mstari mwembamba wa dhahabu kiunoni, na urefu wake ni kama sentimita sita na nusu. Utamu uko ndani. Fungua ganda ukute kiini cha dhahabu isiyong'aa. Fungua kiini umkute kuku wa dhahabu za rangi mbalimbali, macho yake yakuti nyekundu. Ndani ya kuku palikuwa na taji dogo la almasi na kidani cha yakuti, vitu ambavyo vimepotea. Kazi hiyo ilitoka katika karakana ya sonara Peter Carl Fabergé mjini Saint Petersburg, na Tsar (mfalme wa Urusi) Alexander III alimpa mkewe, Maria Feodorovna, Pasaka ya mwaka 1885.

Desturi ikashika. Alexander alitoa mayai 10 hadi 1894. Mwanawe Nicholas II akaendeleza, mawili kila mwaka, moja la mama yake na moja la mkewe, isipokuwa 1904 na 1905 wakati wa vita na Japani. Kufikia 1916 yalikuwa yamekabidhiwa mayai 50. Ya 1917 hayakufika, maana Tsar alikuwa ameshaondoka madarakani. Serikali mpya ikayakusanya Kremlin, ngome ya Moscow, na katika miaka ya 1920 na 1930 ikauza mengi ng'ambo kutafuta fedha za kigeni. Leo 10 yamebaki Kremlin. Mengine 9, ambayo tajiri wa Kirusi Viktor Vekselberg aliyanunua kwa familia ya Forbes mwaka 2004, yako katika jumba la makumbusho la Fabergé mjini Saint Petersburg. Jumba la sanaa la Virginia, Marekani, lina 5, na familia ya kifalme ya Uingereza ina 3. Yaliyo mikononi mwa watu binafsi ni ya kuhesabika, na yakitoka sokoni bei yake si ya dunia yetu: Yai la Majira ya Baridi la 1913, lililobuniwa na binti fundi aitwaye Alma Pihl, liliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, Desemba 2025 kwa takriban pauni milioni 22.9.

Basi hayo tuyaache kwenye makabati yao ya vioo. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni la mtu aliyeyapenda mayai haya, ana akiba yake, na amekwama kati ya njia nne: anunue yai dogo la kale la Kirusi, la kisasa lenye jina kubwa, la kaure, au aingie kwenye sanaa ya maganda halisi? Mjomba wangu alikuwa sonara Mombasa. Kioo chake cha kukuzia ndicho ninachotumia hadi leo, na njia zote nne nimezipitia, moja yapo kwa machungu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo yaleyale. Kwanza bei ya kuingilia. Pili ushahidi, yaani utajuaje kwamba kitu ni kile unachoambiwa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Tatu, kazi ya mkono iliyomo. Nne, matunzo, hasa kwa sisi tunaoishi kwenye joto, vumbi na hewa ya chumvi. Tano, itakuwaje siku ukitaka kuuza. Mwishoni nasema linamfaa nani. Uzuri sikuuweka kwenye orodha kwa sababu huo hakuna wa kukuchagulia.

Yai dogo la kale la Kirusi

Hapa nazungumzia vidani vya umbo la yai, vingine vidogo kama punje ya haragwe, vilivyotengenezwa Urusi kabla ya 1917. Watu wenye uwezo walipeana vidani hivi kila Pasaka, na mwanamke aliongeza kimoja kimoja kwenye mkufu wake mwaka hadi mwaka. Fabergé alivitengeneza, na karakana nyingine nyingi za Saint Petersburg na Moscow vilevile.

*Bei.* Cha fedha chenye enameli (kioo cha rangi kilichoyeyushiwa juu ya madini), cha fundi asiye na jina kubwa, hupatikana kwa mamia ya dola. Cha dhahabu chenye alama ya fundi wa Fabergé ni maelfu, na vyenye vito au umbo lisilo la kawaida hupanda zaidi.

*Ushahidi.* Hapa nitakaa kidogo. Warusi walipima usafi wa madini kwa zolotnik, na madini safi kabisa yalihesabiwa 96. Kwa hiyo ukiona 56 kwenye dhahabu, gawanya kwa 96 upate 583 katika elfu, yaani karati 14. Namba 72 ni karati 18. Kwenye fedha namba ya kawaida ni 84, sawa na 875 katika elfu. Kando ya namba, kuanzia 1899, kuna kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya kienyeji ya Kirusi iitwayo kokoshnik. Anatazama kushoto hadi 1908, na kuanzia hapo anatazama kulia. Kisha kuna herufi za fundi mkuu. Kwa kazi za Fabergé, М.П. ni Mikhail Perkhin, H.W. ni Henrik Wigström aliyemrithi. Kwenye vidani vidogo alama hizi hugongwa kwenye pete ya kuning'inizia, na bila kioo cha kukuzia huoni kitu.

Mimi niliwahi kununua kwa muuzaji wa mtandaoni kidani cha enameli ya waridi, kizuri sana, chenye 56, kichwa cha mwanamke na herufi М.П. Nilikaa nacho wiki nzima nikiwa na furaha. Jioni moja nikakiweka chini ya taa, nikashika kioo cha mjomba, nikaona mwanamke anatazama kulia. Mwanamke wa kulia alianza 1908. Perkhin alifariki 1903. Marehemu angegongaje mhuri ule? Nilipotazama tena niliona jingine: mhuri wa kweli hugongwa kwa chuma, kwa hiyo kingo za herufi huwa kali, lakini hizi zilikuwa butu kama sabuni iliyotumika, dalili kwamba alama ilimiminwa pamoja na kitu chenyewe. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja.

Bidhaa za namna hiyo ni nyingi kiasi kwamba wajuzi wamezipa jina lao, Fauxbergé, kutokana na neno la Kifaransa faux, yaani bandia. Wala tatizo haliishii kwa wanunuzi wadogo. Maonyesho ya Fabergé yaliyofunguliwa kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg, mwishoni mwa 2020 yalizua mabishano makali mwanzoni mwa 2021, pale mfanyabiashara mmoja wa sanaa alipodai hadharani kwamba baadhi ya vitu vilivyowekwa ni bandia.

Kuna hadithi nyingine inayowavuta watu upande wa pili. Mnunuzi wa vyuma chakavu katika majimbo ya kati ya Marekani alinunua yai la dhahabu kwa kama dola 14,000 akitaka kuliyeyusha apate faida kidogo. Hakupata mteja wa bei hiyo, likabaki nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na saa ya Vacheron Constantin, watengeneza saa wa Uswisi. Mwaka 2012 alitafuta neno yai pamoja na jina hilo la saa kwenye intaneti, akaangukia makala kuhusu yai la kifalme lililopotea, akafunga safari hadi London kwa Wartski, wauzaji wa vito vya kale. Likathibitishwa kuwa ndilo yai la 1887, habari zikatangazwa 2014. Hadithi ni ya kweli kabisa, na kwa maoni yangu imewaponza wengi. Kila anayeona yai lenye saa anadhani bahati ileile imebisha hodi kwake.

*Kazi ya mkono.* Hapa hakuna wa kushindana. Fundi huchonga kwanza mistari ya mawimbi kwenye dhahabu kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Kisha anapaka unga wa kioo cha rangi, anaingiza kwenye tanuri la joto la nyuzi 700 hadi 800, anatoa, anasugua, anapaka tena, tabaka juu ya tabaka. Mwanga ukipita kwenye kioo unagonga mawimbi yaliyo chini na kurudi, ndiyo maana kidani kinaonekana kama kina maji yanayotembea ndani. Kampuni ya Fabergé ilikuwa na rangi zaidi ya 140 za enameli hiyo.

*Matunzo.* Dhahabu haijali chumvi wala unyevu. Enameli ni kioo, ikipasuka ukingo haitengenezeki bila kuonekana. Usikubali sonara aitumbukize kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo, na usiruhusu moto wa kuunganishia pete uikaribie. Jambo jingine la kuangalia ni picha ndogo zilizochorwa juu ya pembe ya ndovu, ambazo zimo katika baadhi ya mapambo ya zama zile. Kuvusha pembe mipakani kuna sheria kali, na maelezo ya "ni ya kale" hayatoshi forodhani bila karatasi.

*Kuuza.* Soko lipo, na ni la kimataifa. Lakini linayumba: mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, nyumba kubwa za mnada za London zilifuta minada yao ya sanaa ya Kirusi. Ukiwa na karatasi za asili ya kitu, unauza. Usipokuwa nazo, utapewa bei ya dhahabu kwa gramu.

*Linamfaa nani.* Mtu mwenye subira, anayependa kusoma kabla ya kununua, na anayeweza kukaa mwaka mzima bila kununua chochote.

Yai la kisasa lenye jina

Neno Fabergé kwenye boksi laweza kuwa na maana nyingi tofauti, na mnunuzi asiyejua historia ya jina lenyewe atalipia asichokijua. Baada ya mapinduzi Carl Fabergé alikimbia, akafariki Uswisi mwaka 1920. Huko Marekani mfanyabiashara Samuel Rubin akaanza kuuza manukato kwa jina hilo. Mwaka 1951 familia ikakubali dola 25,000 ili kesi ya kugombea jina iishe. Jina likapita mkono hadi mkono, Unilever wakalinunua 1989, na mwaka 2007 likapata wamiliki wapya waliotaka kulirudisha kwenye vito. Mwaka 2013 likaingia mikononi mwa Gemfields, kampuni inayochimba zumaridi Kagem nchini Zambia na yakuti nyekundu Montepuez, kaskazini mwa Msumbiji. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mawe ya Afrika yetu yalikuwa yakienda moja kwa moja kwenye mayai haya. Gemfields waliliuza jina 2025 kwa dola milioni 50.

Kando ya mlolongo huo kuna matawi mengine. Karakana ya Victor Mayer ya Pforzheim, Ujerumani, ilitengeneza mayai kwa leseni ya jina la Fabergé kuanzia 1989 hadi 2009. Theo Fabergé, mjukuu wa Carl, alizindua mkusanyo wake mwenyewe miaka ya 1980, akautengeneza kwa ustadi wa kuchonga mbao na madini kwa mashine za kizamani hadi alipofariki 2007. Na zipo kampuni za kuuza kwa posta, kama Franklin Mint, zilizotoa mayai ya mapambo kwa wingi yenye jina linalofanana.

*Bei.* Kidani kipya cha dhahabu cha kampuni ya Fabergé yenyewe huanzia maelfu ya dola. Kazi za Theo na za posta, zikiuzwa mkono wa pili, hushuka sana chini ya hapo. Juu kabisa kuna vitu kama Yai la Lulu la 2015, lililotengenezwa pamoja na familia ya Al Fardan ya Qatar: lulu nyeupe 139, almasi zaidi ya 3,000, na katikati lulu moja ya kijivu kutoka maji ya Ghuba.

*Ushahidi.* Hapa ndipo njia hii inapoishinda ya kale. Unapata cheti, namba ya toleo, boksi, risiti, na mara nyingi mtu wa kumuandikia barua na akakujibu. Soma namba ya toleo kwa makini. Yai namba 12 kati ya 100 ni adimu kiasi chake. Yai "la toleo maalumu" lisilosema ni mangapi yaliyotolewa halijakuambia kitu.

*Kazi ya mkono.* Inatofautiana mno. Enameli ya Victor Mayer ni ya njia ileile ya zamani, tabaka kwa tabaka, na nimeiweka chini ya kioo cha mjomba nikaridhika. Ya posta nyingi ni umbo la kumiminwa na rangi ya kupakwa. Mtu akikuonyesha yote mawili kwa pamoja hutahitaji mwalimu: moja lina kina, jingine lina rangi tu.

*Matunzo.* Kama ya kale, ila hapa ukivunja kuna mtu wa kulitengeneza.

*Kuuza.* Tegemea hasara ukitoka tu dukani, kama gari jipya. Dhahabu na mawe hubakia na thamani yake. Kazi ya toleo dogo inaweza kupanda baada ya miaka mingi, lakini usiinunue kwa hesabu hiyo.

*Linamfaa nani.* Anayetaka kulivaa, siyo kulifungia. Zawadi ya harusi au ya kuzaliwa mtoto, ambapo furaha ya anayepewa haitakiwi kuingiliwa na shaka.

Yai la kaure

Kiwanda cha kaure cha kifalme cha Saint Petersburg kilianzishwa mwaka 1744, na mayai ya Pasaka yalikuwa miongoni mwa kazi zake karibu tangu mwanzo. Mengi yalitobolewa juu na chini ili utepe upite, yakaning'inizwa chini ya picha takatifu. Kuanzia 1925 hadi 2005 kiwanda kiliitwa kwa jina la Lomonosov, kikaendelea kufanya kazi, na mayai yake yamesambaa duniani. Upande wa Ufaransa kuna Limoges, mji uliopata udongo mweupe wa kaolini jirani yake, Saint-Yrieix, katika miaka ya 1760. Viboksi vyake vya umbo la yai vina bawaba ya shaba, na ukivifungua mara nyingi unakuta kitu kidogo kimechorwa ndani. Limoges ni mji, si kiwanda kimoja, kwa hiyo jina peke yake halisemi nani ametengeneza.

*Bei.* Makumi ya dola kwa la kisasa, mamia kwa la kale lililochorwa vizuri.

*Ushahidi.* Ya enzi ya Kisovieti huwa na herufi ЛФЗ. Mayai mengi ya kale hayana alama yoyote, jambo linalowatisha wanunuzi bila sababu. Jaribio langu ni moja. Weka kioo cha kukuzia juu ya ua au uso uliochorwa. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangana kama picha ya gazeti, hiyo ni karatasi ya rangi iliyobandikwa na kuchomwa. Ukiona mkia wa brashi, mahali rangi ilipokuwa nzito ikapungua mkono ulipoinuka, kuna mtu aliketi akachora. Maneno Peint Main kwenye Limoges yanamaanisha kuchorwa kwa mkono, lakini bado angalia mwenyewe.

*Kazi ya mkono.* Kwenye mazuri, iko yote kwenye brashi.

*Matunzo.* Kwa mtu wa pwani hakuna lililo rahisi zaidi. Kaure haishiki kutu, haipauki kwa jua, chumvi haiifanyi kitu. Wazee wetu walilijua hilo: nyumba za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani ambamo vyombo vya kaure vilipangwa, na kwenye makaburi ya Kunduchi sahani zilipachikwa kwenye chokaa zikakaa nje, mvua na jua. Adui yake ni mmoja, sakafu. Kwa Limoges ongeza bawaba ya shaba, ambayo hewa ya bahari huifanya ya kijani usipoipangusa.

*Kuuza.* Polepole na kwa bei ndogo.

*Linamfaa nani.* Anayeanza. Kosa la kwanza hapa linagharimu bei ya chakula cha jioni, na jicho unalolipata kwenye kaure litakusaidia siku ukihamia kwenye enameli.

Yai la ganda halisi

Kuna mikondo miwili. Mmoja ni pysanka ya Ukraine, yai lililoandikwa kwa nta. Jina lenyewe latokana na kitenzi chao cha kuandika. Msanii hushika kistka, kijiti chenye faneli ndogo ya shaba, anaipasha kwenye mshumaa, anachota nta ya nyuki na kuandika mistari juu ya ganda jeupe. Popote penye nta patabaki peupe. Analitumbukiza kwenye rangi ya njano, anaandika tena ili kuihifadhi njano, kisha rangi ya machungwa, nyekundu, hadi nyeusi. Mwisho yai linakuwa bonge jeusi lisilopendeza hata kidogo. Analisogeza pembeni mwa mwali, nta inalainika, anapangusa kwa kitambaa, na rangi zote zinatoka kwa mpigo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliita watu wa nyumbani waje kuona. Mji wa Kolomyia una jumba la makumbusho ya pysanka lenye umbo la yai, lililofunguliwa 2000, na UNESCO iliiingiza sanaa hii kwenye orodha yake mwaka 2024.

Mkondo wa pili ni wa kukata na kupamba: ganda la bata bukini linakatwa kwa kifaa kidogo cha umeme cha kukatia, linatiwa bawaba, linabandikwa hariri ndani na shanga au mawe nje. Ni njia ya watu wa kawaida ya kumjibu Fabergé, na inahitaji pumzi ya taratibu kuliko pesa.

Mayai ya mbuni yana historia ndefu kuliko zote. Katika pango la Diepkloof, Afrika Kusini, vimepatikana vipande vya maganda vilivyochorwa mistari miaka kama 60,000 iliyopita. Makanisa ya Ethiopia huyaweka kwenye misalaba ya mapaa yao, na msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul uliyaning'iniza kati ya taa. Lakini Kenya na Tanzania mbuni ni wanyamapori: usiokote wala kununua yai lake bila kibali. Nunua la shamba lenye leseni na utunze karatasi.

*Bei.* Ndogo kuliko zote. Yai la kwanza liko jikoni kwako.

*Ushahidi.* Shaka haipo sana, maana hakuna wa kughushi kitu cha bei hii. Ila angalia usiuziwe la mti au plastiki kwa jina la pysanka. Mwombe msanii atie saini na mwaka.

*Kazi ya mkono.* Asilimia mia.

*Matunzo.* Hapa ndipo njia hii inapodai. Kwa kawaida pysanka haitobolewi, kiini hukauka ndani kwa miaka. Kwenye joto letu gesi inaweza kujaa na yai kupasuka, na harufu yake haisahauliki. Toboa, pulizia nje ute na kiini, suuza, kausha kabisa. Weka mbali na jua, kwa kuwa rangi hupauka, na ndani ya kabati linalofunga, kwa ajili ya sisimizi na mende.

*Kuuza.* Usiingie kwa hesabu ya kuuza.

*Linamfaa nani.* Mwenye mikono inayotaka kazi, mwalimu, mzazi mwenye watoto wa kuanzia miaka kumi hivi.

Na vile viboksi vya chuma vyenye vioo?

Ni vya aloi ya bei nafuu, rangi ya kupakwa, vioo vya kung'aa, na mara nyingi tangazo linasema "mtindo wa Fabergé". Kama kiboksi cha pete juu ya meza ya kujipambia, ni kizuri na sina neno nacho. Kinapouzwa kwa bei ya mkusanyo, rudisha pesa mfukoni.

Kulingana na hali yako

Una akiba ndogo na hujawahi kukusanya chochote: chukua kaure mbili tatu, moja ya kuchorwa na moja ya kubandikwa, uzilinganishe hadi uweze kuzitofautisha ukiwa umesimama mlangoni.

Una akiba ya kutosha lakini huna muda wa kusoma: la kisasa lenye namba ya toleo, kutoka duka lenye anwani.

Una muda na unapenda utafiti: la kale. Jifunze kwanza mihuri kwenye vijiko vya fedha vya Kirusi, ambavyo ni vingi na bei yake ni rahisi. Usinunue kidani ambacho muuzaji amekataa kukupigia picha ya pete yake kwa karibu.

Unaishi karibu na bahari na nyumba haina kiyoyozi: kaure au dhahabu. Maganda yahamishie kwa ndugu wa bara, au uyatengeneze ukijua hayatadumu.

Unatafuta zawadi ya mama mkwe, na hujui ladha yake: Limoges yenye kitu kidogo ndani. Sijawahi kuona mtu akiifungua bila kutabasamu.

Umerithi yai na hujui ni la aina gani: usilisugue, wala usilipeleke kwa sonara wa kununua dhahabu kwanza. Lipime uzito, lipige picha mchana dirishani, pande zote na kila alama, likiwa wazi na likiwa limefungwa. Zitume kwa nyumba mbili tofauti za mnada, ambazo nyingi hutathmini kwa picha bila malipo, na usubiri majibu yote mawili kabla ya kumkabidhi mtu yeyote.